SOMO: TUOMBE, NA TUWEKE WALINZI

Soma: Nehemia 4:7-23; Nehemia 7:1-3; Kutoka 22:2-3



Mwezi uliopita tulikuwa na mkesha kanisani. Tuliimba na kuomba mpaka jogoo la kwanza. Tuliporudi tulikuta nyumba nne zimevunjwa. Mama mmoja mjane alikuwa amepokea mgao siku ile ile. Ukuta wake wa nyuma ulikuwa umetobolewa. Unga, maharage na mafuta ya watoto vimekwenda. Akatuuliza: "Mchungaji, tulipokuwa tunaomba, Mungu hakuona kwangu?" Hatukuwa na jibu. Tulirudi kwenye Neno, na somo hili ni matunda yake.

1. Nehemia aliomba, tena akaweka ulinzi

Nehemia alifika Yerusalemu karibu mwaka 445 kabla ya Kristo. Aliwakuta watu waliotoka uhamishoni, maskini, wenye maadui pande zote. Katika 4:9 waliomba, na wakaweka walinzi usiku na mchana. Sala haikuchukua nafasi ya mlinzi, wala mlinzi nafasi ya sala. Sisi tuliomba tu. Tuliacha mistari mizima ya nyumba bila mtu, na ratiba yetu tulikuwa tumeitangaza ibadani, mwizi naye akasikia.

Kuanzia sasa, siku ya mkesha kila mstari wa nyumba utabakiza watu wawili wa zamu. Hao nao wako ibadani, kwa maana wanatunza vya ndugu zao.

2. Kila mtu kuielekea nyumba yake

Katika 7:3 milango ilifungwa kwa makomeo, na kila mlinzi alikaa kuielekea nyumba yake. Na sisi tufanye hivi:

- Kufuli nzuri juu ya ubao uliooza haisaidii kitu. Tubadilishe ubao kwanza, na misumari ikunjwe upande wa ndani.
- Ukuta wa udongo hulainika kwa mvua, na mwizi huweza kuumwagia maji ili achimbe kimya kimya. Tuukandike upya kila masika yakiisha. Chakula kisiegemezwe ukuta wa nyuma.
- Tufyeke majani na mahindi yanayoficha mtu karibu na dirisha.
- Siku ya mgao nyumba isiachiwe mtoto mdogo peke yake.

3. Sauti ya tarumbeta

Katika 4:20 watu waliagizwa kukusanyika pale watakaposikia tarumbeta. Sisi hatuna tarumbeta, lakini filimbi au debe linatosha, mradi lisichezewe. Ukisikia, toka na tochi, na usitoke peke yako.

Sungusungu walianza Tanzania miaka ya 1980 kati ya Wasukuma na Wanyamwezi, na katika kambi za Kigoma jina hilo walipewa walinzi waliotoka kwa wakimbizi wenyewe. Ni ndugu zetu, lakini ni wachache. Jirani asipoamka, wao hufika mwizi amekwisha kwenda.

Zamu ya mjane, mzee na mgonjwa ifanywe na vijana wa kanisa. Tena tusiseme wezi ni watu wa kabila fulani au zoni fulani. Mlinzi akianza kuchagua kabila, tumeleta kambini vita tuliyoikimbia.

4. Tusimwage damu

Juma moja baada ya mkesha, kijana wa miaka kama 15 alikamatwa usiku na sufuria ya mtu. Mawe yalikuwa tayari, na mengine yalikuwa mikononi mwa wanakwaya wetu. Sisi tulichelewa kufika. Aliyesimama mbele ya kijana yule ni mama mjane tuliyemtaja, na kwa ajili yake mawe yakashuka.

Soma Kutoka 22:2-3. Hata katika torati, mwizi aliyeuawa jua likiwa limechomoza alikuwa na damu ya kudaiwa. Sheria ya nchi nayo huita jambo hilo mauaji. Basi mwizi akikamatwa, azuiwe, viongozi waitwe, akabidhiwe polisi. Sisi tuliokimbia damu iliyomwagika kwetu, tutaimwagaje tena hapa?

Maswali ya vikundi

1. Katika mstari wenu, ni nyumba ya nani isiyo na mtu wa kuilinda?
2. Filimbi ikilia usiku huu, nani atatoka wa kwanza?
3. Mwizi akiwa mtoto wetu, tungetaka atendewe nini?

Mungu awalinde ninyi na watoto wenu. Amina.