Waraka wa Jamaa Wakati wa Krismasi

Somo: Wafilipi 2:19–30, 4:2–9

Ndugu wapendwa, Majilio yamekaribia, na katika nyumba nyingi watu wameanza kuulizana: Nani atakuja mwaka huu? Sisi wa Kilimanjaro twajua jinsi mabasi yajaavyo mwezi wa Desemba, wana wa jamaa wakirudi kutoka Dar es Salaam na miji mingine kula sikukuu pamoja na wazee wao. Lakini wako wasioweza kuja: mgonjwa, askari, mwuguzi aliye zamu, mwana asomaye ng'ambo, na yule asiye na nauli, wala hapendi kusema kwamba hana. Hao nao ni wa jamaa. Kwa ajili yao na tujifunze kuandika barua moja ya nyumba nzima.

Pengine mtu atasema, Simu yatosha. Twaishukuru simu, maana hutuletea sauti. Lakini sauti hupita. Barua huwekwa ndani ya Biblia, ikasomwa tena siku ya huzuni. Wahenga walisema: Waraka ni nusu ya kuonana. Hata ukiupeleka kwa njia ya simu, na uwe waraka kweli, uliofikiriwa na kuombewa.

1. Tuandike yaliyo kweli. Mtume Paulo alipowaandikia Wafilipi, hakuwaficha ya kuwa Epafrodito alikuwa mgonjwa karibu na kufa. Wala hakuishia katika ugonjwa; alitaja na rehema ya Mungu. Barua nyingi za sikukuu hukosea hapa. Mmoja huandika ya kwamba mtoto amefaulu, nyumba imeezekwa bati jipya, ng'ombe amezaa. Bali mahindi yaliyokauka hayataji, wala deni, wala kijana aliyeondoka kwa hasira. Basi msomaji aliye katika shida hujiona yu peke yake. Mwingine huandika misiba tu, na mwishoni huomba fedha; barua zake hufunguliwa kwa hofu. Ombi la fedha liwe na barua yake, siku nyingine.

2. Kila mtu apewe neno limfaalo. Mwaka 1530 Martin Luther alikaa katika ngome ya Coburg, mbali na nyumba yake, wakati wa mkutano mkuu wa Augsburg. Mwezi wa Juni alipata habari ya kufa kwa baba yake. Huzuni hiyo alimwandikia rafiki yake Melanchthon. Lakini mwezi huo huo alimwandikia na mwanawe Hans, aliyekuwa na miaka minne tu, akamsimulia habari za bustani nzuri yenye matunda na farasi wadogo, ambamo watoto wanaopenda kusali na kujifunza huingia. Hakumdanganya mtoto, alimpa chakula awezacho kukitafuna. Tena Februari 1546, alipokuwa Eisleben kupatanisha mabwana wa Mansfeld, alimwandikia mkewe Katharina habari za mapatano, na pia za samaki aliowapokea kuwa zawadi. Siku nne baadaye alifariki. Kwa hiyo tusidharau habari ndogo. Mpendwa aliye mbali hutamani kujua kama mbwa mzee yu hai, na nani sasa apiga kengele ya kanisa.

3. Siri ya mwenzetu si mali yetu. Kabla ya kufunga barua, isomwe mbele ya wote waliotajwa ndani yake. Mtu akisema, Hilo msiandike, lifutwe bila mabishano. Na kila mmoja aongeze neno lake mwenyewe: bibi aseme, mjukuu aandike.

4. Tuangalie jina lililoachwa. Hapa ndipo penye jaribu. Tukiyaandika majina ya watakaopelekewa, mara nyingi liko moja ambalo kalamu hulikwepa. Katika Filipi nako walikuwapo Euodia na Sintike, ambao Paulo aliwasihi wapatane, akawataja wote wawili bila kumwacha mmoja. Nasi twaungama: nyumbani kwetu miaka mitatu tuliliruka jina la ndugu mmoja kwa ajili ya mpaka wa kihamba. Mwaka wa nne mama alikataa kutia mkono barua isipokwenda kwake pia. Tukampelekea. Katika jibu lake hakusema neno juu ya mpaka. Aliuliza tu kama mparachichi wa mama ungali ukizaa. Shauri la mpaka halijaisha hata leo, lakini tangu hapo twaweza kuzungumza. Bwana alituagiza kupatana na ndugu kwanza, ndipo kutoa sadaka (Mathayo 5:23–24). Basi barua hiyo iandikwe mbele ya zote, wala isiwe na neno la kumshitaki.

5. Kwa walimu na wainjilisti. Wako wazee wasioona vizuri, na wasiojua kuandika. Waraka kwa Warumi uliandikwa kwa mkono wa Tertio (Warumi 16:22), na jina lake halikusahauliwa. Nendeni kwao na kalamu. Andikeni maneno yao, si yenu. Na mliyoyasikia yabaki mioyoni mwenu. Barua za ng'ambo zipelekwe posta mapema, kabla ya Majilio, na zile zipitiazo sanduku la usharika zigawiwe upesi.

Maswali ya kujiuliza nyumbani:
Ni jambo gani la mwaka huu tungependa kulificha, na kwa nini?
Ni nani asiyepata barua kwa mtu ye yote?
Jina gani tumeliacha?

Mungu alipotaka tumjue, hakutuletea habari tu, bali alimtuma Mwana wake akae kwetu. Sisi hatuwezi kuwa mahali pote. Basi na tupeleke angalau nusu ya kuonana. Neema ya Bwana iwe pamoja nanyi nyote.