UWEKEVU WA NYUMBA: PA KUBANA NA PA KUTOBANA

Somo hili ni la kusomwa katika vikundi vya akina mama, lakini akina baba nao wanaombwa wakae wasikilize, maana nyumba ni ya wote. Msomaji mmoja asome kwa sauti, sehemu moja kwa mara moja, kisha kikundi kijadiliane. Mtindo huu si mgeni kwetu. Mary Sumner alipoanzisha Umoja wa Mama huko Uingereza mwaka 1876, alianza kwa kuwakusanya wanawake wa mtaa wake wazungumze juu ya malezi na nyumba zao. Na hapa nchini kampeni ya Mtu ni Afya ya mwaka 1973, ikafuatwa na Chakula ni Uhai mwaka 1975, ziliwakusanya watu vijijini wakasikiliza redio, wakajadiliana, kisha wakaenda kutenda. Nasi tufanye vivyo hivyo: tusome, tuulizane, tutende.

Neno letu kuu ni uwekevu. Mwekevu si bahili. Bahili huwanyima walio nyumbani ili fedha ibaki kibindoni. Mwekevu hupunguza mahali pamoja ili mahali pengine patoshe. Lakini shida yetu kubwa ni kwamba mara nyingi tunabana pasipostahili. Tunafupisha siku za kutengeneza muhogo. Tunaokota kopo lolote tukatilia chakula. Tunamzuia binti asiende shule ili achote maji. Na wakati huo huo kuni zinateketea bure chini ya sufuria isiyo na mfuniko! Kwa hiyo tushike kanuni moja: tubane moto na fedha, lakini tusibane muda wa muhogo, usalama wa chombo, wala nafasi ya mtoto. Tuifuate kanuni hiyo jikoni, ukutani na uani.

1. MOTO: HAPA TUBANE

Sisi wa Magindu tunakaa kando ya Reli ya Kati, na mkoa wetu wa Pwani ni miongoni mwa mikoa inayopeleka mkaa Dar es Salaam. Mti uliokwisha kwenda mjini katika gunia hauwezi tena kuwa kuni za jikoni kwetu. Ndiyo sababu kila nyumba yapasa kujifunza kupika kwa moto mdogo.

(a) Pasua kuni ziwe nyembamba, uzianike mpaka zikauke kabisa. Kuni mbichi hutumia moto wake kujikausha zenyewe, na moshi wake huumiza macho na kifua.

(b) Kinga mafiga kwa ukuta mfupi wa udongo upande unaotoka upepo.

(c) Funika sufuria. Mfuniko hauli chakula wala hauombi mshahara.

(d) Loweka kunde, mbaazi au maharage tangu usiku. Asubuhi mwaga maji hayo, utie mapya. Nafaka za jamii ya kunde zilizolowekwa huiva upesi zaidi.

(e) Usiuache moto uliobaki baada ya ugali. Teleka hapo maji ya kuoga au ya kuoshea vyombo.

(f) Tengeneza kapu la kuivishia. Chukua kapu au tenga kubwa, tandika majani makavu chini yawe manene kama shubiri moja, na pembeni pia. Chemsha kunde zilizolowekwa kwa moto mkali dakika 20, funika vizuri, futa masizi na makaa yote chini ya sufuria, kisha iweke ndani ya kapu. Juu yake weka mto ulioshonwa kwa matambara na kujazwa majani makavu au sufi. Baada ya saa tatu irudishe motoni, ichemke tena mpaka kunde ziive kabisa, ndipo mle. Usilaze chakula ndani ya kapu, maana uvuguvugu hukichachua.

2. MUHOGO: HAPA TUSIBANE

Muhogo ni rafiki wa nyumba. Hungoja ardhini mpaka tuuhitaji, tena huvumilia jua. Lakini ndani yake mna kitu ambacho hugeuka kuwa sumu ya sayanaidi, na katika muhogo mchungu huwa kingi sana. Tena tukumbuke jambo hili: wakati wa ukame, hata muhogo ambao kwa kawaida ni mtamu huongezeka sumu. Yaani mwaka wa njaa, tunapokuwa na haraka zaidi ya kula, ndio mwaka ambao muhogo unahitaji uangalifu zaidi.

Haya si maneno ya kutishana. Mwaka 1985, wakati wa ukame, watu wa Tarime walipatwa na ugonjwa uitwao konzo. Miguu yote miwili hukakamaa kwa ghafla, wala haiponi tena. Huwapata hasa watoto na akina mama wenye umri wa kuzaa. Wataalamu walipochunguza waliona kwamba watu walikuwa wakila muhogo mchungu uliotengenezwa kwa muda mfupi, pasipo kitoweo cha kutosha. Ugonjwa huo ulionekana tena Mbinga mwaka 2001 na 2002. Hakuna aliyefupisha kazi kwa uvivu. Ilikuwa njaa. Lakini siku chache zilizookolewa zililipwa kwa miguu ya watoto.

Basi tufanyeje? Muhogo mchungu umenye, uutumbukize wote majini siku tatu mpaka ulainike, halafu uukate na kuuanika mpaka ukauke vizuri. Kuanika juani peke yake, bila kuloweka, hakutoshi kuondoa sumu.

Ukiwa umekwisha kusaga unga wa makopa na una mashaka nao, iko njia nyingine rahisi. Mtaalamu Howard Bradbury wa Australia aliieleza mwaka 2006, na baadaye ikafundishwa kusini mwa Tanzania, mahali konzo ilipokuwa imerudi. Hatua zake ni hizi:

Kwanza, tia unga katika bakuli, uusawazishe, upige alama mahali ulipofikia.

Pili, ongeza maji kidogo kidogo huku ukikoroga. Mwanzoni unga utashuka. Endelea kuongeza maji mpaka urudi kwenye ile alama.

Tatu, utandaze juu ya mkeka safi, unene usizidi sentimeta moja.

Nne, uache juani saa mbili, au kivulini saa tano. Sumu hutoka na kwenda na hewa.

Tano, usonge ugali siku hiyo hiyo, maana unga uliolowa huharibika.

Njia hii haihitaji fedha wala kuni. Inahitaji mkeka na saa chache tu. Nani atasema hana saa chache za kulinda miguu ya mtoto?

3. UKUTA, PAMBO NA CHOMBO

Wengine hudhani kupamba nyumba ni kazi ya wenye fedha. Sivyo. Pambo la kwanza la nyumba ya udongo ni ukuta usio na nyufa. Katika nyufa za kuta na sakafu za udongo hujificha papasi, mdudu aumaye usiku na kuleta homa ya papasi, na kunguni nao hupenda hapo hapo. Kwa hiyo baada ya mvua kwisha, kagua chumba chote. Ziba nyufa, siriba upya, piga sakafu iwe ngumu na laini. Ukishamaliza, paka chokaa, au udongo mweupe pale unapopatikana. Chumba cheupe huongeza mwanga, na mdudu akipita huonekana.

Sasa ongeza uzuri bila kununua. Khanga iliyochakaa katikati bado ina pindo zuri, nalo lafaa kuwa pazia la dirisha dogo. Pazia likichoka huwa kitambaa cha jikoni, na mwisho tambara la kupigia deki. Mkeka wa ukindu wenye rangi, ukitundikwa ukutani, hupendeza kuliko picha nyingi za dukani. Kopo la mafuta ya kula, likioshwa na kutobolewa chini, ni chungu cha maua mlangoni.

Lakini si kila kopo! Hapa tena ni mahali pa kutobana. Chombo kilichowekwa dawa ya kuua wadudu wa shambani au dawa ya kuogeshea mifugo hakioshwi kikatakata. Usitilie maji, maziwa, mafuta ya kula wala chumvi, hata kama ni dumu zuri lenye mfuniko wake. Muulize bwana shamba namna ya kukiondoa, wala usikichome moto, maana moshi wake ni sumu. Vilevile usiweke mafuta ya taa katika chupa ya soda au ya maji. Mtoto mwenye kiu hajui kusoma harufu. Akiwa amekunywa, usimtapishe, maana mafuta yaweza kuingia mapafuni. Mkimbize zahanati mara moja.

4. KAZI ZA KILA SIKU: MTOTO ASIWE AKIBA YETU

Dumu la lita 20 likijaa maji lina uzito wa kilo 20. Tulifikirie jambo hilo kila tunapomwona mtoto wa darasa la nne amejitwisha. Kusaidia nyumbani ni malezi mema, na mtoto asiyefundishwa kazi tumemnyima urithi. Lakini kazi isiyomwachia nafasi ya shule ni deni tunalomkopesha bila kumwuliza. Sheria ya Elimu ya mwaka 1978 iliweka wazi kwamba mtoto wa shule ya msingi yapasa ahudhurie darasani. Kwa hiyo tukae jioni moja, baba, mama na watoto, tugawane kazi kwa haki. Kuchota maji, kupasua kuni, kufagia uwanja, kuosha vyombo, kumlea mdogo: kila kazi ipate mwenyewe, na wavulana wasiachwe kando. Ndoo haiulizi kama anayeibeba ni mwana au binti.

Maji nayo tuyatumie kwa akili. Maji ya kuoshea mboga yamwagiliwe mche wa mpapai. Mlangoni mwa choo tundika kibuyu chirizi: dumu dogo la lita 5 lililotobolewa tundu moja karibu na juu, likavutwa kwa kamba ya kukanyaga kwa mguu, na kipande cha sabuni kando yake. Mtu hunawa kwa maji machache sana, wala hashiki chombo kwa mkono mchafu. Huo ndio uwekevu wa kweli: maji yamepungua, usafi umeongezeka.

5. MLO WA MFANO KWA WATU SITA

Kisamvu cha kunde na karanga. Andaa kisamvu kilichotwangwa vikombe 4, kunde kikombe 1 na nusu, karanga zilizotwangwa kikombe 1, kitunguu kimoja, nyanya mbili, na chumvi. Ukiwa na dagaa, tia kikombe kimoja.

Loweka kunde tangu usiku, uziivishe kwa kapu kama tulivyoeleza. Majani ya muhogo yatwange yawe laini sana, kwa kuwa nayo yana sumu ile ile, na kutwanga ndiko kunakoifungua itoke. Yachemshe katika maji mengi bila kufunika kwa robo saa, ili mvuke uondoke nayo, kisha mwaga maji hayo. Hapa tu ndipo tunaposahau ile kanuni ya mfuniko. Tia maji mapya, funika, acha yaive mpaka yalainike. Ongeza kunde, nyanya, kitunguu na dagaa waliooshwa. Mwisho koroga karanga kwa maji kidogo, umimine, upike kwa moto mdogo mpaka mchuzi uwe mzito. Chakula hiki kiandamane na ugali wa mahindi, au wa muhogo uliotengenezwa vizuri.

Kunde, karanga na dagaa si anasa katika mlo huu. Mwili huhitaji vyakula vya namna hiyo ili uweze kuishinda ile sumu kidogo iliyobaki katika muhogo. Kwa hiyo kitoweo kisiishie katika sahani ya baba. Kwanza mama mjamzito na watoto wapate, ndipo wengine.

MASWALI YA KUJADILIANA

1. Nyumbani kwako, ni wapi panapobanwa pasipostahili? Ni wapi panapopotea bila kuonekana?

2. Katika kijiji chetu, muhogo hulowekwa siku ngapi? Mwaka wa ukame, je, siku hizo hupunguzwa? Kwa nini?

3. Ni vyombo gani nyumbani mwetu hatujui vilikuwa na nini hapo kwanza?

4. Kazi za nyumbani zimegawanywaje kati ya wavulana na wasichana?

KAZI YA KUTENDA

Kabla ya kukutana tena, kila mmoja achague jambo moja tu: kapu la kuivishia, kibuyu chirizi, kuziba nyufa za chumba kimoja, au kujaribu ile njia ya kulowanisha unga. Alitende, kisha awaeleze wenzake lilivyokwenda. Haba na haba hujaza kibaba. Na kibaba kikijaa kwa njia njema, hakuna nyumbani aliyenyimwa ili kijae.