Picha Nyeusi na Nyeupe: ya Chumba cha Giza au ya Printa?

Mama mmoja wa jumuiya ndogo ndogo alifika ofisini na picha mbili amezifunga kwa leso. Moja ni ya baba mkwe wake, ilipigwa 1962 katika studio ya mjini. Nyingine ni ya marehemu mumewe, ilitolewa kwa printa siku za matanga, miaka sita tu iliyopita. Ya mzee iko sawa kabisa, koti jeusi ni jeusi na mikunjo ya shati unaihesabu. Ya mume imegeuka zambarau, na uso umeanza kupotea. Tena studio walikuwa wameshafuta faili. Mama akauliza, "Mbona ya kale imeshinda ya juzi?"

Ndugu msomaji, inafaa tumjibu vizuri, maana baadhi ya vikundi vyetu vya vijana vinafanya kazi ya picha, na watu huwalipa wakiamini wamenunua kitu cha kudumu.

Tuanze na ile ya mzee. Karatasi yake imepakwa jelatini yenye chumvi za madini ya fedha. Ndani ya chumba cha giza, chini ya taa nyekundu, fundi humulika negativu juu ya karatasi kwa mashine ya kukuzia, sekunde chache tu. Hapo huoni kitu. Akiitumbukiza katika dawa ya kwanza, chumvi iliyoguswa na mwanga inageuka fedha halisi, nayo ni nyeusi, na uso wa mtu unatokea polepole ndani ya trei. Aliyewahi kuona jambo hilo hasahau! Kisha karatasi inapita kwenye maji yenye asidi kidogo, halafu kwenye fiksa, ambayo huondoa chumvi iliyobaki. Kwa hiyo weusi wa picha ile ni madini, wala si rangi ya kupauka juani kama kitambaa.

Lakini isidhaniwe kwamba kila picha ya chumba cha giza hudumu. Fiksa ikibaki karatasini, picha huingia manjano na kufifia. Karatasi iliyofunikwa plastiki huoshwa dakika chache, lakini ile ya nyuzi tupu yaweza kutaka saa nzima ya maji safi. Pale maji yananunuliwa kwa mtungi, fundi mwenye haraka hukatiza hapo hapo. Tena fiksa iliyotumika ina fedha ndani yake na hudhuru samaki, kwa hivyo isimwagwe mtoni.

Sasa printa. Hii hurusha matone madogo mno ya wino. Chukua lenzi ya kukuzia utazame shavu la mtu: mara nyingi utaona vidoadoa, ambapo ya chumba cha giza ni laini. Swali kubwa ni wino gani. Kuna wino wa rangi iliyoyeyushwa, ambao ni rahisi na hung'aa, lakini jua, hewa na moshi huushambulia. Kuna pia wino wa pigmenti, yaani chembe ndogo ngumu zinazokaa juu ya karatasi, na weusi wake hutokana na kaboni, ndugu ya masizi ya jikoni. Huo hudumu miaka mingi zaidi. Halafu printa nyingi za ofisini hutengeneza kijivu kwa kuchanganya rangi kadhaa, na kwa kuwa hazipauki kwa mwendo mmoja, picha hugeuka kijani au zambarau. Ndiyo yaliyompata yule mama.

Kwa maoni yangu, kikundi kinachoanza leo kisifungue chumba cha giza kama mradi wa mapato. Kodak waliacha kutengeneza karatasi ya nyeusi na nyeupe mwaka 2005. Ilford bado wanatengeneza Uingereza, lakini gharama ya kuagiza karatasi na dawa itawamaliza. Nunueni printa ya wino wa pigmenti na karatasi isiyo na asidi, na mteja aambiwe wazi amepewa wino gani. Faili ihifadhiwe mahali pawili. Na zile negativu za zamani zilizo kabatini parokiani, tafadhali msizichome! Negativu moja yaweza kutoa picha mpya hata baada ya miaka sitini.

Kazi ya kikundi kabla ya mkutano ujao: toeni picha moja kwa kila printa mliyo nayo. Ikikauka, gusa pembe kwa kidole chenye maji, mwone kama wino unatoka. Kisha funikeni nusu ya picha kwa kadibodi nene, muibandike dirishani penye jua kwa wiki nane. Ondoeni kadibodi mbele ya wote, mlinganishe nusu mbili hizo, na mwandike majina ya wino na karatasi nyuma ya kila moja.