NJAA YA MUZEE HAISEMI

Mutoto akikonda, mama anamupeleka kwenye kipimo. Lakini muzee anayekaa nyumbani kwako, nani anamupima? Akikonda, tunasema: «Ni uzee tu.» Neno hilo limepeleka wazee wengi kaburini. Uzee hupunguza nguvu polepole, kwa miaka. Mutu anayekonda kwa miezi michache ana sababu ingine, na mara nyingi inaweza kusaidiwa.

JIPIME KWANZA

Jibu NDIYO ao HAPANA mbele ya kusoma majibu.

1. Muzee akishiba bugali ya muhogo kila siku, amekula vizuri?
2. Asiyelima tena, hana lazima ya samaki wala maharagi?
3. Miguu ikivimba, ni kunenepa?
4. Akikataa chakula, ni tabia yake, tumuache?
5. Asiposikia kiu, hana lazima ya maji?

MAJIBU

Yote matano ni HAPANA. Hata kama umekosa moja tu, endelea kusoma.

1. Bunga ya muhogo inajaza tumbo, lakini haijengi mwili. Gramu 100 za bunga hiyo hazifikishe gramu 3 za protini. Gramu 100 za maharagi makavu zinapita 20.

2. Mwili wa muzee unahitaji protini sawa na wa kijana, hata kupita: karibu gramu 1 kwa kila kilo ya uzito wake, kila siku. Kama meno yameisha, twanga ndakala uzitie ndani ya sombe, ponda maharagi, tia karanga zilizosagwa katika uji, ao pika yai.

3. Bonyeza muguu kwa kidole gumba, kisha uachilie. Shimo likibaki, na miguu yote miwili iko vile, inaweza kuwa ukosefu wa chakula, ao moyo, ao figo. Mupeleke kwa munganga.

4. Uliza juu ya nini anakataa. Pengine ana kidonda kinywani, pengine kifua kikuu, ugonjwa wa sukari, ao dawa inamuondolea hamu. Pengine amefiwa na anakula peke yake. Na wengine hawakatae: wanaficha kipande chao cha samaki na kuwapa wajukuu. Basi angalia sahani yake, usisikilize tu maneno yake.

5. Kiu hupungua katika uzee. Umupe maji safi mara kwa mara bila kungoja aombe.

NAMNA YA KUMUPIMA NYUMBANI

– Mukaba wake umetobolewa shimo jipya? Kitenge kinazunguka zaidi kuliko zamani?
– Kwa kamba ya fundi wa nguo, zungusha muundi mahali unapokuwa munene zaidi. Chini ya sentimeta 31 ni alama ya hatari.
– Kama kuna kipimo cha kilo, andika hesabu kila mwezi. Akipoteza zaidi ya kilo 3 kwa miezi 3, usingoje.

KUMBUKA

Umupe chakula kidogo kidogo mara 4 ao 5 kwa siku, na mukae naye anapokula. Ukiona alama moja ya hapa juu, mupeleke kwenye kituo cha afya juma hili. Aliyekulisha ukiwa mutoto asikufe na njaa karibu na jiko lako.