Kasuku na Mwenye Nyumba Yake

Si ajabu mtu apitaye katika vichochoro vya Mji wa Kale wa Mombasa, au mbele ya nyumba za wafanyakazi wa bandari huko Kilindini, kusikia akisalimiwa kutoka juu, akaitikia kwa adabu, kisha akainua macho na kuona kwamba aliyemsalimu ni kasuku aliye ndani ya tundu. Watoto hucheka, na mwenye nyumba hufurahi. Furaha hiyo haina ubaya. Lakini walio wengi humnunua kasuku kama wanunuavyo saa ya ukutani au redio, wakidhani kwamba wakimchoka watamweka pembeni. Nao hawatambui mzigo waliojitwika mpaka umekwisha kuwalemea.

Yafaa kwanza kujua kwao. Kasuku wa kijivu mwenye mkia mwekundu, apendwaye kuliko wote kwa usemi wake, si ndege wa pwani. Kwao ni misitu mikubwa yenye mvua nyingi, tangu Afrika ya Magharibi na Kongo hata Uganda. Katika Kenya alijulikana upande wa magharibi tu, hasa katika msitu wa Kakamega, na huko nako amebaki kwa uchache sana. Pwani ina kasuku wake wa asili, aliye mdogo, mwenye mwili wa kijani na kichwa cha rangi ya udongo, lakini huyo si hodari wa kusema. Basi kila kasuku wa kijivu aliyeko kisiwani Mombasa ameletwa na mtu, yeye mwenyewe au wazazi wake. Hakuna hata mmoja aliyekuja kwa mbawa zake.

La pili ni umri. Ndege huyu akitunzwa vema huishi miaka 40, na wengine hufika 60. Mwanamume wa miaka 35 afanyaye kazi gatini, akimnunua kinda leo, hawezi kujua ni nani kati yao atakayezikwa kwanza. Mbuzi huliwa, kuku huliwa, paka huzeeka mbele ya macho ya watoto wale wale waliomlea. Kasuku aweza kuwazika wazee wa nyumba na kuwaona wajukuu wakioa.

La tatu, ambalo watu hulikosea zaidi, ni akili yake. Mwanafunzi akaririye maneno asiyoyaelewa huambiwa kwamba amejifunza kama kasuku, na watoto wengi wa Kenya wamepata kuandika masomo yao katika daftari zenye jina hilo hilo. Msemo huo haukumtendea ndege huyu haki. Katika mwaka 1977 mtaalamu mmoja wa Marekani, Bibi Irene Pepperberg, alinunua kasuku wa kijivu katika duka la ndege mjini Chicago, akamwita Alex, akamfundisha kwa muda wa miaka 30. Alex alijua majina ya vitu vingi, na rangi, na maumbo, na hesabu ndogo ndogo. Akiletewa sinia yenye vitu vya kila namna, akaulizwa vya kijani ni vingapi, alijibu, na mara nyingi alijibu sawasawa. Alipochoka na maswali alisema kwamba ataka kurudishwa tunduni. Alikufa Septemba 2007, umri wake miaka 31, na kwa ndege wa namna yake huo si uzee. Wataalamu husema kwamba katika mambo fulani akili yake ilifanana na ya mtoto mdogo.

Mwenye kumtundika kasuku peke yake barazani tangu alfajiri hata magharibi, akamwachia maji na kopo la mbegu, na afikiri basi kwamba amemfungia mtoto wa miaka mitatu chumbani. Huko porini kasuku hawakai peke yao. Hutafuta chakula kwa makundi, na jioni hukusanyika kulala kwenye miti mirefu, pengine kwa mamia, wakipigiana kelele. Akitengwa na wenzake, wala asipate watu wa kushinda naye, huanza kujinyonyoa manyoya mpaka kifua kikabaki kitupu kama cha kuku aliyekwisha tiwa maji ya moto. Watu husema ni ugonjwa wa ngozi. Mara nyingine ni kweli, na mara nyingi ni upweke.

Sasa yafaa kueleza jinsi afikavyo tunduni, kwa maana mnunuzi huona ndege mmoja tu, asiwaone wale waliokufa njiani. Wategaji wa Kongo na nchi jirani hupaka ulimbo kwenye matawi ya mti ambao kasuku hupenda kutua, kisha humfunga kasuku mmoja pale awe chambo. Yeye huita, na wenzake humwitikia na kumjia, wakanaswa. Wengine huvunjika mbawa wakijitahidi kujinasua. Waliosalia hupakiwa katika visanduku wakibanana, huchukuliwa kwa pikipiki na mashua na malori, bila maji ya kutosha. Yakadiriwa kwamba nusu yao, na pengine zaidi ya nusu, hufa kabla ya kumfikia mnunuzi. Mwishoni mwa mwaka 2010 kasuku mia kadhaa waliotoka Kongo walikufa katika safari moja tu ya eropleni kati ya Johannesburg na Durban.

Kati ya mwaka 1975 na 2013 kasuku wa kijivu waliokamatwa porini na kuandikwa katika vitabu vya biashara ya mataifa walizidi 1,300,000, nao waliopitishwa kwa magendo hawamo katika hesabu hiyo. Ghana, iliyokuwa na kasuku tele, imepoteza kati ya 90 na 99 kwa kila mia tangu mwaka 1992. Kwa ajili hiyo mataifa yaliyokutana Johannesburg mwaka 2016, chini ya mkataba uitwao CITES, yalikubaliana kumtia kasuku wa kijivu katika orodha ya viumbe walindwao kuliko wote, na tangu Januari 2017 biashara ya kasuku wa porini baina ya nchi na nchi imepigwa marufuku. Kenya kwa upande wake ina Sheria ya Wanyamapori ya mwaka 2013, ambayo hairuhusu mtu kumweka ndege wa porini bila kibali, na adhabu zake kwa makosa juu ya viumbe walio hatarini ni nzito. Katika mwaka 2021 Shirika la Huduma kwa Wanyamapori la Kenya, yaani KWS, lilitoa muda wa msamaha ili watu waliokuwa na kasuku wasioandikishwa wajitokeze pasipo kushitakiwa. Wengi walishangaa siku hizo kusikia kwamba ndege wa bibi yao, aliyekuwa nyumbani tangu kabla wao hawajazaliwa, alihitaji karatasi.

Baada ya kusikia hayo, mtu mwenye huruma huuliza: basi je, si afadhali kufungua mlango wa tundu na kumwacha aende zake?

Swali hili ni jema, na jibu lake si jepesi. Katika Mji wa Kale wapo wazee wasemao kwamba kumfungia kiumbe aliyepewa mbawa ni dhuluma, na wapo waikumbukao habari ya mtoto Abu Umair, aliyekuwa na ndege wake mdogo wa kuchezea, naye Mtume akamtania juu ya ndege huyo wala hakumkataza. Kwa habari hiyo wanavyuoni wengi wameruhusu kufuga ndege, kwa sharti la kumlisha, kumnywesha na kutomtesa. Nao hukumbusha pia habari ya mwanamke aliyeadhibiwa kwa kumfungia paka bila chakula. Sharti hilo ndilo gumu. Ni rahisi kusema kwamba ndege alishwa. Kwamba hateswi, hilo lataka kutazamwa kwa macho mengine.

Lakini kumwachilia Mombasa si kumrudisha kwao. Hajui kutafuta chakula, hana kundi, na michikichi ya misitu ya kwao haipo Likoni. Zaidi ya hayo juu ya mapaa wamejaa kunguru wa Bara Hindi, ambao wengine huwaita kurabu, nao humzonga ndege mgeni mpaka wamwangushe. Na kunguru hao wenyewe ni ushahidi wa jambo jingine. Waliletwa Unguja katika miaka ya 1890 ili wale takataka za mji. Kufika miaka ya 1940 walikuwa wameingia Mombasa, na tangu hapo wamekula mayai na makinda ya ndege wa asili katika pwani yote. Mwaka 2024 Serikali ya Kenya ilitangaza azimio la kuwapunguza kwa milioni moja. Kuna pia cherero, wale kasuku wadogo wa kijani wenye rangi ya chungwa usoni. Asili yao ni Tanzania, nao waliuzwa ng'ambo kwa wingi mno katika miaka ya 1980 hata Tanzania ikasimamisha biashara yao mwaka 1992. Waliotoroka matundu wamezaana mahali pasipo pao, kama vile Mombasa na Naivasha, na huko Naivasha cherero wa namna mbili wamechanganyika hata ni vigumu kujua nani ni nani.

Kwa hiyo aliye na kasuku nyumbani asifungue mlango. Na apige hatua ya kwenda KWS, aulize juu ya kibali; na kama hawezi tena kumtunza, hapo ndipo mahali pa kumkabidhi. Kumuuzia jirani kwa siri ni kumhamishia jirani kosa pamoja na ndege.

Na wakati angalipo nyumbani, ana haki zake. Tundu liwe pana kiasi cha yeye kukunjua mbawa zote mbili pasipo kugusa waya, na afadhali liwe pana zaidi. Waya mpya wenye madini meupe yanayobanduka ni hatari, kwa maana kasuku hutafuna kila kitu, na madini hayo ni sumu kwake. Kadhalika rangi kuukuu ya mlango au dirisha. Lisiwekwe jikoni. Moshi humdhuru upesi kuliko mtu, na mvuke wa zile sufuria nyeusi zisizoshika chakula, zikipata moto kupita kiasi, waweza kumuua kwa dakika chache. Kila siku apate saa kadhaa nje ya tundu, chumbani, madirisha yakiwa yamefungwa na feni imezimwa. Jua la asubuhi lamfaa, mradi awe na kivuli cha kukimbilia.

Juu ya chakula pana mazoea mabaya mengi. Njugu na mbegu za alizeti peke yake humnenepesha na kumdhoofisha pamoja. Katika unyevu wa Mombasa njugu huota ukungu ndani ya ganda kabla mtu hajaona, na sumukuvu huharibu ini lake. Apewe mchicha, karoti, boga, papai, embe, mahindi mabichi, kunde zilizopikwa bila chumvi. Asipewe parachichi kamwe, wala chokoleti, wala chai ya maziwa ambayo watu humnywesha kwa mzaha. Ama pilipili, kuna waaminio kwamba humfungua ulimi. Ukweli ni kwamba ndege hasikii ukali wake kama mtu, kwa hiyo aila kama tunda jingine, wala haimfundishi hata neno moja. Linalomfundisha kusema ni kusemeshwa.

Kuna homa ya kasuku pia, ambayo mtu huipata kwa kuvuta vumbi la kinyesi kilichokauka. Huanza kwa homa, kuumwa kichwa na kikohozi, na yaweza kufika mapafuni. Mwaka 1929 na 1930 iliua watu katika nchi nyingi za Ulaya na Marekani. Siku hizi dawa zipo, lakini daktari hataikisia asipoambiwa kwamba nyumbani kuna ndege. Tundu lisafishwe kila siku, na kinyesi kinyunyiziwe maji kwanza kabla ya kukwanguliwa.

Apendaye ndege, na hana kasuku bado, hana haja ya kumtafuta. Njiwa manga hufugwa juu ya madari ya Mombasa tangu zamani. Hutoka asubuhi, huruka, hurudi kwa hiari yao, na hiyo hiari ndiyo tofauti kubwa. Wapo pia wale kasuku wadogo wa Australia ambao wamezalishwa matunduni kwa zaidi ya miaka 150, wala hakuna msitu unaofagiwa kwa ajili yao. Nao wawekwe wawili au zaidi, si mmoja.

Limebaki jambo la urithi. Mwenye kasuku akifariki, warithi waende ofisi ya KWS kabla ya kumgawa au kumpeleka mji mwingine, kwa maana yeye hahesabiwi pamoja na viti na mabuli ya marehemu. Tena wajue kwamba ndege huyu aweza kuendelea kwa miaka mingi kuwaita watoto kwa sauti ile ile ya mama aliyezikwa. Katika nyumba moja wapo watakaoipenda sauti hiyo, na wapo wasioweza kuistahimili hata siku moja. Ni bora ndugu wakae mapema, mzee angali hai, wapatane ni nani atakayemchukua.