Kwale na Ukingo wa Shamba

Leo nataka tumwangalie kwale wa Uingereza, ndege wa mashambani ambaye wawindaji kule wamempenda tangu zamani.

Baada ya Vita Kuu ya Pili, wakulima wengi waling'oa nyua za vichaka ili trekta lipite bila kuzuiwa. Kwale akakosa pa kutagia. Kisha, miaka ya 1950, zikaenea dawa za kuua magugu. Ukimsikia mtu anasema sumu ilimuua ndege, mwambie asubiri kidogo. Dick Potts, aliyeanza kuwachunguza kwale wa Sussex mwaka 1968, alionyesha kwamba kifaranga hutegemea wadudu katika wiki zake za kwanza, na wengi wa wadudu hao huishi kwenye magugu. Gugu likiondoka, mdudu hayupo. Kifaranga anakufa njaa katikati ya ngano iliyostawi!

Papa Fransisko aliligusa hili katika Laudato Si' (namba 34): ndege na wadudu wanaopotea kwa sababu ya dawa ndio wanaomfaa mkulima.

Wapo wakulima waliopunguza dawa kwenye mita 6 za ukingoni, vifaranga wengi zaidi wakapona. Mavuno ya ukingo hupungua, kweli. Lakini kwa mwenye ekari mia, mimi naona ni kidogo mno.