Kupanga Mtandao wa Simu za Intaneti katika Chuo Kikubwa

Mafundi wanaotayarisha simu za intaneti katika chuo chenye majengo mengi wanakumbushwa kutozichanganya na kompyuta. Kanuni ya IEEE 802.1Q huwezesha mtandao mmoja wa nyaya kugawanywa katika sehemu zisizozidi 4094. Yafaa kila jengo liwe na sehemu yake ya simu na nyingine ya kompyuta. Sehemu yenye anwani 254 hutosha simu 200 na kubakisha akiba. Kwa kuwa sehemu zote hutumia nyaya zilezile, sauti haina budi ipewe kipaumbele, isichelewe zaidi ya milisekunde 150 kumfikia msikilizaji. Hivyo, msukosuko wa jengo moja hautawazuia wa jengo jingine kuita zimamoto.